Asiyejulikana, Hifadhi na Sitara: Maneno Matatu Yanayowapa Taabu Wafasiri wa Sheria za Mtandao

Hivi karibuni meza yetu ya istilahi ilipokea swali kutoka kwa mwalimu mmoja wa Ruaruke, wilayani Kibiti. Mwalimu huyo alikuwa ameombwa awasomee wazazi mkutanoni kipeperushi kilichoeleza namna mwananchi anavyoweza kutoa taarifa za uhalifu kwa njia ya intaneti pasipo kutaja jina lake. Kipeperushi kilikuwa kimefasiriwa na ofisi moja mjini, nacho kilisema kwamba "taarifa za mtu asiyejulikana zitahifadhiwa kwa mujibu wa sheria". Wasikilizaji walinyamaza. Kisha mzee mmoja akauliza mambo mawili: huyo asiyejulikana ni nani, na hizo taarifa zake zitahifadhiwa zisipotee, au zitahifadhiwa zisionekane? Mwalimu hakuwa na jibu, ndipo akatuandikia.

Mzee yule, bila ya kusomea taaluma ya istilahi, alikuwa amegusa mahali penyewe. Makala haya yanakusudia kumjibu, na katika kumjibu kueleza kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali jambo ambalo sasa linawafikia mezani mara kwa mara: seva zinazomsitiri mtumiaji wa intaneti, na sheria zinazotaka kumbukumbu za watumiaji zitunzwe. Maneno yanayopendekezwa humu ni mapendekezo ya mwandishi, hayajasanifiwa.

Tuanze na neno asiyejulikana. Kamusini neno hili halina doa lolote: ni mtu ambaye wengine hawamjui. Lakini maneno hayaishi kamusini peke yake. Kati ya mwaka 2015 na 2017 wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji zilikumbwa na mauaji ya viongozi wa vijiji na vitongoji, watendaji, askari na raia wengine. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa njiani huko Jaribu, wilayani Kibiti. Magazeti na redio, kwa kukosa jina la waliotenda maovu hayo, yalisema kila mara "watu wasiojulikana", na maneno hayo yakaganda. Baadaye yakaenea nchi nzima. Mtu akisema leo kwamba fulani kachukuliwa na wasiojulikana, msikilizaji haulizi maana, anashusha sauti. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji hayo kwa ajili ya Mwananchi, alitoweka huko Kibiti tarehe 21 Novemba 2017, na hadi leo hajulikani alipo. Kitenzi ni kile kile.

Basi mfasiri anapomwita mtoa taarifa "mtu asiyejulikana" mbele ya watu wa Ruaruke, anampa mwenye kuhitaji ulinzi jina la yule anayeogopwa. Hili si kosa la sarufi, wala mfasiri hakukusudia ubaya. Ni kosa la kutojua neno limepita wapi kabla ya kumfikia.

Wako wanaopendelea "bila jina". Maneno haya yanafaa kwa barua iliyotiwa katika sanduku la maoni, lakini kwenye intaneti jina ni jambo dogo. Kompyuta au simu hutambuliwa kwa anwani yake ya tarakimu, kwa saa iliyounganishwa, na kwa namba ya simu yenyewe. Hapa Tanzania usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulifikia ukomo wake tarehe 20 Januari 2020, na tangu hapo laini za raia kwa kawaida zimefungamanishwa na kitambulisho cha taifa. Mwananchi anaweza kuandika ujumbe usio na jina lake hata herufi moja, na bado akapatikana kabla ya magharibi. Kwa hiyo tunapendekeza kitenzi tambua. Mtu huyo ni mtumiaji asiyetambulika, na hali yake ni kutotambulika. Faida ya kitenzi hiki ni kwamba kinakaa ubavuni mwa kitambulisho na utambulisho, maneno ambayo kila raia anayajua kwa kuyapangia foleni. Kutotambulika ni hali ya kukosekana kwa kile ambacho kitambulisho hukitoa.

Hali hiyo, hata hivyo, isichanganywe na lakabu. Mwenye lakabu ana jina, ila si lake la kuzaliwa. Washairi wetu wa pwani waliandika kwa lakabu tangu zamani, na jirani zao wakiwajua vizuri sana. Tofauti hii yaonekana kuwa ndogo, lakini imewahi kumgharimu mtu. Mwaka 1993 huko Finland, Johan Helsingius alianzisha seva iliyoitwa anon.penet.fi. Mtu aliipelekea barua pepe, seva ikaondoa jina na anwani yake, ikampa lakabu ya tarakimu, kisha ikaipeleka barua mbele. Ili majibu yaweze kurudi, ilibidi seva iwe na orodha ya ndani iliyounganisha kila lakabu na anwani ya kweli. Orodha hiyo ndiyo iliyokuwa udhaifu wake. Mwaka 1995, kufuatia malalamiko ya Kanisa la Scientology, polisi wa Finland walimfikia Helsingius, naye akalazimika kumtaja mtumiaji mmoja. Mwezi Agosti 1996 aliifunga seva yake. Watumiaji wake waliamini kwamba hawatambuliki, kumbe walikuwa na lakabu tu. Na kila lakabu ilikuwa na mstari wake katika daftari la bwana mmoja.

Waliokuja baadaye walijifunza kutokana na hilo. Mtandao unaojulikana zaidi leo ni Tor, ambao asili yake ni utafiti uliofanywa katika maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani miaka ya 1990, na ambao tangu mwaka 2006 umesimamiwa na shirika lisilo la kibiashara. Jina lake lilitokana na kitunguu, kwa kuwa ujumbe hufungwa tabaka juu ya tabaka. Walimu wanaotaka kulieleza jambo hili darasani hawana haja ya kompyuta. Tuchukue mfano wa mtu wa Ruaruke anayetaka kupeleka barua kwa mtu wa Kilindoni, kisiwani Mafia, pasipo yeyote njiani kujua barua imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Anaitia barua katika bahasha yenye jina la mpokeaji. Bahasha hiyo anaitia katika bahasha ya pili yenye jina la nahodha wa chombo. Ya pili anaitia katika ya tatu, yenye jina la mchukuzi wa bandari ya Nyamisati. Kisha anampa kijana wa pikipiki. Kijana anamjua mtumaji, lakini ajualo zaidi ni kwamba mzigo unakwenda kwa mchukuzi. Mchukuzi anaifungua bahasha ya juu na kukuta jina la nahodha. Anamjua kijana na anamjua nahodha, basi. Nahodha anafungua yake na kumkuta mtu wa Kilindoni, lakini hajui barua ilianzia Ruaruke, au Salale, au Dar es Salaam. Hakuna mmoja kati ya watatu hao anayejua ncha zote mbili.

Hivyo ndivyo Tor inavyofanya kazi, ila badala ya kijana, mchukuzi na nahodha ziko seva tatu, aghalabu katika nchi tatu tofauti, na zinazochaguliwa kutoka katika maelfu. Wanaoziendesha wengi ni watu wa kujitolea: wanafunzi, walimu, vyuo, vyama vidogo. Seva zenyewe kwa kawaida haziandiki daftari la nani alipita. Ambacho hakikuandikwa hakiwezi kutolewa, hata kwa amri ya mahakama.

Anayepata taabu zaidi katika safari hii ni nahodha. Mtu wa Kilindoni akifungua barua na kukuta matusi, anayemwona mbele yake ni nahodha, naye ndiye atakayeshikwa shati. Mwezi Aprili 2017 mwalimu wa hisabati wa Moscow, Dmitry Bogatov, alikamatwa kwa maandishi ya uchochezi yaliyoonekana kutoka katika anwani yake ya intaneti. Bogatov alikuwa akiendesha seva ya mwisho ya Tor nyumbani kwake. Alikaa mahabusu, kisha akafungiwa nyumbani, na mashtaka hayakufutwa hadi mwaka 2018. Kwa wafasiri, somo lililomo ni kwamba anwani humtambulisha mwenye seva, wala si lazima imtambulishe mwenye maneno. Tumewahi kuona hati ambamo anwani ya intaneti imefasiriwa kuwa "utambulisho wa mhusika". Hakimu akilisoma hilo kwa Kiswahili, amekwisha ambiwa nusu ya hukumu.

Sasa seva hizo tuziiteje? Zimekwisha kuitwa "seva za kuficha", na wengine wamesema "seva za siri". Kuficha ni neno zuri, lakini katika Kiswahili mtu huficha alichokiiba, huficha ukweli, huficha ubaya. Mtu akiwa na jambo la heshima ambalo halipaswi kuonwa na kila mpita njia, hulisitiri. Tunasitiri mwili kwa nguo, tunasitiri aibu ya jirani, tunamsitiri maiti. Sitara ni pazia ambalo mwenye nyumba ana haki nalo. Kwa sababu hiyo napendekeza seva ya sitara, na anayeiendesha awe mwendesha seva ya sitara.

Najua watakaopinga. Watasema kwamba matapeli, na wengine wabaya kuliko matapeli, nao wanazitumia seva hizo, na kwamba neno sitara linawavika kanzu. Pingamizi hili lina uzito. Lakini pazia halibadiliki kuwa kitu kingine kwa sababu mwizi amejificha nyuma yake. Tutasema mwizi alijificha nyuma ya pazia. Istilahi ya sheria inapaswa kukitaja chombo, kosa nalo litajwe kwa jina lake mahali pake. "Seva ya kuficha" inamhukumu mtumiaji kabla ya shitaka, na hukumu ya namna hiyo si kazi ya mfasiri.

Tuje kwenye swali la pili la mzee: zihifadhiwe zisipotee, au zisionekane? Hapa pana hatari kubwa kuliko ile ya kwanza, maana neno hifadhi limebebeshwa dhana nne ambazo sheria za sasa zinazitenga, na mbili kati yake zinapingana.

Dhana ya kwanza ni kuweka data mahali, kama vile katika diski au seva, hadi itakapohitajika. Ya pili ni kuikinga data ya mtu isichukuliwe wala kutumiwa vibaya. Ya tatu ni kuizuia data fulani isifutwe, kwa amri maalumu, kwa sababu kuna shauri fulani linalochunguzwa. Ya nne ni kumlazimisha mtoa huduma, kabla ya kosa lolote kutendeka, aweke kumbukumbu za wateja wake wote kwa muda uliotajwa, ili dola iweze kuziomba siku moja. Wafasiri wetu wameziita zote nne "kuhifadhi data". Matokeo yake ni kwamba sentensi moja ya Kiswahili yaweza kuwa ahadi kwa mwananchi na yaweza kuwa onyo kwake, na msomaji hana njia ya kujua ipi ni ipi.

Kwa dhana ya pili kazi imekwisha fanyika. Sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Tume yake inabeba jina hilo hilo. Ulinzi ni neno safi, nasi tulishike. Kwa dhana ya kwanza, hifadhi ibaki pale ilipo. Ndiyo maana yake ya nyumbani, kama ghala linavyohifadhi mpunga. Kwa dhana ya tatu, "kuzuia data" hakufai, kwa kuwa msomaji ataelewa kwamba data imekatazwa kutolewa. Napendekeza kushikilia. Kila Mtanzania anajua maana ya mtu kushikiliwa na polisi: yuko mahali, haachiwi, kwa sababu ya jambo fulani na kwa muda. Data nayo iweze kushikiliwa vivyo hivyo.

Dhana ya nne ndiyo iliyotushughulisha. "Utunzaji" una upole mno. Mtu hutunza mtoto na mazao. "Ulimbikizaji" una lawama ndani yake, na nimekwisha sema kwamba lawama haina nafasi katika istilahi. Napendekeza ubakizaji. Kubakiza ni kufanya kitu kibaki ambacho, pasipo wewe, kingekwisha. Mwenye duka la intaneti hana haja ya kujua Jumatatu ni nani alikaa kiti cha tatu Ijumaa. Sheria inamwambia aibakize habari hiyo. Wengine wataliona neno hili kuwa la jikoni. Na liwe la jikoni: mama aliyebakiza wali wa jana anajua kwamba umebaki kwa kukusudiwa, na kwamba yuko atakayeujia.

Mfano wa ubakizaji tunao hapa hapa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, ambazo nafasi yake ilichukuliwa na kanuni nyingine mwaka 2020, ziliwaagiza wenye mikahawa ya intaneti kuwasajili watumiaji na kuweka kamera, kisha kutunza daftari na picha hizo kwa miezi 12. Huo ni ubakizaji mtupu: haungoji kosa. Turudi sasa kwa wachukuzi wetu wa Nyamisati. Ikiwa kila mmoja wa watatu ataamriwa kuandika alipokea kwa nani na alimpa nani, na kulitunza daftari lake miezi 12, bahasha tatu hazimsitiri tena mtumaji. Atakayeyakusanya madaftari matatu na kuyalinganisha saa kwa saa ataifuata barua kutoka Kilindoni hadi mlangoni Ruaruke. Seva ya sitara iliyo chini ya sheria ya ubakizaji ni pazia lililotobolewa kwa amri.

Jambo hili si la kubuni. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2006 agizo lililozitaka nchi wanachama kuwalazimisha watoa huduma kubakiza data za mawasiliano kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 2. Ujerumani, katika sheria yake iliyoanza kutumika mwaka 2008, ilikwenda mbali zaidi ikawataja hata wale wanaobadilisha anwani za watumiaji: walitakiwa kuandika anwani ya awali, anwani mpya, na saa ya mabadiliko. Waendesha seva za sitara walijikuta wakitakiwa kuandika kile hasa ambacho kazi yao ni kutokiandika. Tarehe 2 Machi 2010 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliifuta sehemu hiyo ya sheria na kuamuru data zilizokwisha kubakizwa zifutwe. Agizo lenyewe la Ulaya lilibatilishwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya tarehe 8 Aprili 2014. Mahakama zile hazikusema kwamba dola haina haki ya kuchunguza uhalifu. Zilisema kwamba kubakiza data za wasiotuhumiwa kwa jambo lolote, kwa upana ule na kwa kinga hafifu ile, kunazidi kiasi.

Kwetu jambo limekuja kwa sura nyingine. Mwaka 2016 waanzilishi wa JamiiForums, Maxence Melo na Mike Mushi, walifikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, na miongoni mwa mashtaka yao lilikuwamo la kuzuia uchunguzi, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa kutotoa taarifa za watumiaji wao walioandika kwa lakabu. Katika shauri moja, mwezi Aprili 2020, Melo alitiwa hatiani na kutozwa faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja, Mushi aliachiwa. Halafu, tarehe 13 Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka wanaotumia njia ya faragha ya mtandao, ambayo watumiaji huiita VPN, wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Taarifa ilitegemea kanuni za mwaka 2020, zinazokataza kutoa, kutumia au kusambaza teknolojia inayomwezesha mtu kuyafikia maudhui yaliyokatazwa. Msomaji makini ataona kwamba katazo hilo linahusu maudhui, ilhali chombo kinahusu utambulisho. Na kwamba mwendesha seva ya sitara hajatajwa kwa jina, lakini maneno "kutoa" na "kusambaza" yaweza kumfikia. Yatamfikia au hayatamfikia ni kazi ya mahakama. Sisi kazi yetu ni kuhakikisha kwamba atakapofika huko, maneno yanayosomwa yana maana moja moja.

Na ataweza kufika huko kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinaendelea kufasiriwa. Zamani neno likikosewa katika tafsiri, hakimu alirejea Kiingereza. Kadiri tafsiri hizi zinavyokamilika, rejeo hilo litakuwa likipungua, na mtu aweza kufungwa au kuachiwa kwa neno hifadhi.

Mwalimu wa Ruaruke tumemjibu kwa maneno haya: "Mtoa taarifa hatatambulika. Anwani yake haitaandikwa, wala haitabakizwa." Lakini tumemwonya asiyasome mbele ya watu kabla ya ofisi iliyotoa kipeperushi kuthibitisha kwamba ndivyo seva yao inavyofanya kazi. Ikiwa inabakiza, na isemwe kwamba inabakiza, tena kwa siku ngapi, na nani anaweza kuomba. Mpaka tunapeleka makala haya kwa mhariri, ofisi hiyo haijajibu.

Limebaki neno moja ambalo halijatupatia usingizi. Data zinazobakizwa kwa kawaida si maneno ya ujumbe bali habari zinazouzunguka: nani, kwa nani, lini, kutoka wapi, kwa muda gani. Wengine wamesema "data kuhusu data", maneno ambayo hayamwelezi mtu chochote. Kwa kuwa tumekwisha tumia mfano wa barua, nimejaribu "data ya bahasha", nikiitenga na "data ya barua". Mwenzangu mmoja ofisini anasema bahasha inapotea mikononi mwa vijana ambao hawajawahi kupeleka barua posta. Wasomaji wenye neno bora, hasa walimu, wanaombwa walilete kwa mhariri pamoja na sentensi mbili tatu za mfano.